Kesi Namba Mia Nne na Moja

Wivu wa mtu mzima una aibu zake. Mtoto akimwonea mwenzake wivu hulia, akapewa cha kwake, yakaisha. Mtu mzima hana pa kulilia. Hukaa dawati la pili kutoka mbele, mgongo umenyooka, akapiga makofi pamoja na wenziwe, huku ndani roho inamchemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hivyo ndivyo Karani alivyokuwa akikaa kila Alhamisi, saa nne asubuhi, katika somo la utoaji adhabu.

Walimwita Karani kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake kabla ya kuja kusomea sheria. Miaka kumi na moja alikaa chini ya kiti cha hakimu, vidole juu ya mashine, akichapa kila lililosemwa kizimbani. Mahakimu walikuja wakahamishwa, yeye akabaki na meza yake, kando ya dirisha linalotazama mlango wa mahabusu. Alipoliona somo la adhabu kwenye ratiba alicheka peke yake. Wenzake walikuwa vijana watupu, kizimba wamekiona kwenye runinga. Yeye alikuwa ameshatoa adhabu, au tuseme ameshazichapa, nyingi kuliko mvi za mwalimu.

Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa jaji mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na wanafunzi wote walimwita Mheshimiwa kana kwamba bado yumo kwenye joho. Kila wiki aliwapa mkasa wa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, nao wakaandike adhabu na sababu zake. Ukurasa mmoja, usizidi hata mstari. Namba ya mwanafunzi juu, jina hapana.

"Vifungu vya sheria msiniletee," aliwaambia siku ya kwanza. "Ninavyo nyumbani, vimejaa kabati. Nileteeni kitu kimoja kumhusu huyu mtu ambacho hakimo kwenye hati ya mashtaka. Ukitaka kutunga, tunga, hili ni zoezi. Lakini ukisema kilitokea kweli mahakamani, weka namba ya kesi pembeni. Nitaifuata mpaka masjala. Nisipoikuta, mimi na wewe basi."

Halafu akawaambia jambo lililomfanya Karani aweke kalamu chini. Alikuwa mwenyekiti wa kamati inayoandika mwongozo mpya wa adhabu kwa mahakimu wote, na muhula ukiisha angemchukua mwanafunzi mmoja akafanye kazi naye. Mmoja tu. Karani aliiona meza yake ya zamani, dirisha, mlango wa mahabusu, mashine yenye herufi iliyofutika. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inakaribia kwisha, na asipopata pengine pa kushika, angerudi palepale kuchapa maneno ya watu wengine mpaka astaafu. Nafasi hii ni yangu, alijiambia. Nani mwingine humu anaijua mahakama?

Ukurasa wake wa kwanza ulihusu mtu aliyeiba pampu ya maji. Karani aliuandika kwa nusu saa, akaupenda. *Mahakama imezingatia kwamba mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Hata hivyo, makosa ya aina hii yamekithiri. Adhabu itolewe ili iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama yake.* Ukarudi na alama sita kati ya kumi, na neno moja kwa kalamu ya risasi: *Nani?*

Akadhani Mheshimiwa amekosea karatasi. Wiki ya pili akapata sita, na neno lile lile. *Nani?* Wiki ya tatu tano. *Nani?* Kama mtu anayegonga mlango, ndani hawafungui.

Sasa, kama mambo yangeishia hapo, Karani angekuwa mwanafunzi wa kawaida mwenye alama za kawaida, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini dawati lile la pili halikuwa lake peke yake. Aliketi na wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, kitindamimba, na nyumbani kote hakuwa na jina jingine ila Kitinda. Miaka ishirini na tatu, mcheshi, msahaulifu wa funguo, mpenda sukari. Alikuwa akiishi kwa kaka yake kwa sababu nyumba hiyo ilikuwa karibu na chuo. Darasa zima lilimwita yule mkubwa Karani, isipokuwa Kitinda. Yeye alimwita wifi, nyumbani wifi, darasani wifi, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, hata vijana wakawa wanawatania: "Wifi na wifi wamefika, sasa tuanze."

Kila Alhamisi Mheshimiwa aliusoma kwa sauti ukurasa bora wa wiki. Hakutaja namba ya mwanafunzi wala mtu, lakini darasa lilikuwa na njia yake ya kujua. Anayeinamisha kichwa ndiye mwenyewe. Wiki ya kwanza aliinamisha Kitinda.

Mheshimiwa alisoma: "*Alipoambiwa avue mkanda na kamba za viatu, mshtakiwa alivua viatu vyenyewe. Akavipanga ukutani, ncha zimeelekea mlangoni, kama mtu anayeingia nyumba ya watu wenye heshima. Mtu huyu bado anajua kuingia kwa watu. Mahakama haitampeleka mahali atakaposahau.*" Akasoma na namba ya kesi iliyokuwa pembeni: mia mbili kumi na saba.

Karani alikaza meno. Mia mbili kumi na saba! Viatu vile aliviona yeye. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, na ni yeye aliyevisimulia jikoni, wiki iliyopita, akimenya viazi.

Hiyo ilikuwa tabia yake ya miaka. Hadithi za mahakamani alizikumbuka kwa namba, kama watu wengine wanavyokumbuka kwa majina. "Leo nitakupa themanini na tatu," angemwambia Kitinda, na Kitinda angevuta kigoda. Mumewe, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, alikuwa akisema mkewe akifa azikwe na rejista. Karani hakuona kwamba hadithi zile ni kitu. Kwake zilikuwa takataka za mahakama, zile zinazobaki sakafuni baada ya hukumu kuchapwa. Mtu anazifagia, anazipeleka nyumbani, watu wanacheka, basi. Na sasa mtu kaziokota, kazing'arisha, na mama mwenye miwani mbili anazisoma mbele ya watu arobaini.

Wiki ya nne ikasomwa ya mama aliyeleta ripoti ya shule ya mwanawe ili hakimu aone kijana alikuwa wa pili darasani. Ripoti ikapigwa muhuri wa kielelezo kwa bahati mbaya, ikafungiwa jaladani, na mama yule akawa anakuja kila mwezi kuiomba, miaka mitatu. Namba mia moja na sita. Kichwa kilichoinama, cha Kitinda. Alama tisa. Karani siku hiyo alipata sita, na *Nani?*

Tusizungushe maneno: alikuwa na wivu. Uliamka naye asubuhi, ukalala naye usiku. Alimwonea wivu Kitinda kwa kalamu yake iliyotafunwa, kwa kuandika ukurasa mzima kwenye kiti cha basi, kwa kucheka na Mheshimiwa kwenye korido kama mtu na shangazi yake. Sauti ya kijiko chake kikikoroga sukari ilimkera. Mezani mumewe alisema, "Mdogo wangu ana jicho, bwana," na Karani akainuka kwenda kuchukua chumvi iliyokuwa mbele yake. Jicho gani? Jicho la nani?

Msomaji ana haki ya kuuliza, kwa nini asiziandike mwenyewe? Alijaribu. Alikaa na mia mbili kumi na saba yake, viatu anaviona kabisa, vumbi kwenye kisigino, na kila alipoweka kidole kwenye herufi kikatoka kitu kilekile: *Mahakama imezingatia.* Miaka kumi na moja ya kuchapa ilikuwa imeifundisha mikono yake njia moja tu. Hapo ndipo wivu ulipogeuka hasira, kwa maana hakuna kinachouma kama kumwona mwingine akifungua mlango wa nyumba yako kwa ufunguo ambao wewe huna.

Kitinda, maskini, hakujua lolote. Kila Jumatano alikuja na ukurasa wake mkononi. "Wifi, nipitishie macho kabla sijapeleka."

"Nina kazi."

"Ukurasa mmoja tu, wifi."

"Peleka tu. Si unajua kuandika?"

Na Kitinda angeenda zake akiimba, akidhani amesifiwa. Karani hakuwahi kuushika ukurasa hata mmoja. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Wiki ya sita kijana mmoja waliyemwita Kaka Tai, kwa kuwa hakuonekana bila tai hata siku ya mvua, alijitia ujanja. Akabuni kisa cha mahakamani, akabuni na namba, akapeleka. Mheshimiwa alipiga simu masjala mbele ya darasa zima. Akasikiliza, akashukuru, akakata. "Kesi hiyo," akasema, "ni ya mtu aliyegombana na jirani kuhusu mbuzi." Kaka Tai akapewa sifuri, na akaambiwa asijisumbue kufikiria kamati. Darasa lilicheka. Karani hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Jioni ya Jumatatu iliyofuata alimkuta Kitinda jikoni, amejikunyata juu ya daftari.

"Wiki hii nimekwama, wifi," Kitinda alisema. "Mlinzi aliyeiba betri ya gari. Nipe moja basi."

Karani alichukua kisu na viazi, akakaa. Sauti yake ilitoka laini. Akamsimulia mlinzi aliyetiwa hatiani, akaulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Akatoa mfukoni ufunguo, akaunyoosha kwa hakimu. *Mke wangu mgonjwa,* akasema, *nimemfungia kwa nje asianguke barabarani. Leo nilidhani nitarudi.* Hakimu akaahirisha kesi. Akavua joho, akashuka kitini, akaenda kwa miguu yeye mwenyewe na ufunguo ule, karani wake nyuma, mpaka kwenye mlango wa bati. Akafungua.

"Halafu?" Kitinda aliinua kichwa kutoka daftarini.

"Halafu mwanamke akamwambia, umechelewa leo."

Kitinda alifunika mdomo. Macho yalimjaa machozi. Karani alimtazama, akaona hadithi imeingia, na kwa kitambo kidogo akasahau kabisa kwamba haikuwa kweli. Hajawahi kutokea hakimu wa kufanya hivyo. Mlinzi hayupo, mlango haupo. Vyote vilitoka kichwani mwake pale pale, juu ya maganda ya viazi.

"Namba, wifi?"

"Mia nne na moja." Kwa mwaka ule aliomtajia, rejista ya mahakama yao ilikuwa imeishia mia tatu sitini na mbili. Aliifunga yeye mwenyewe, kwa wino mwekundu. "Iandike."

"Nitaikumbuka."

"Wewe hata funguo huzikumbuki. Iandike." Akampa kalamu yake mwenyewe. Akasimama, akamkorogea chai, akatia vijiko viwili vya sukari, kisha cha tatu, yeye ambaye kila siku alimgombeza kwa kumaliza sukari ya nyumba. Akasubiri na kikombe mkononi mpaka tarakimu tatu zimekaa kwenye karatasi.

"Leo umenipenda, wifi," Kitinda akasema, akapokea chai.

Alhamisi hiyo Mheshimiwa hakusoma ukurasa wa mtu. Alifundisha saa nzima kwa sauti kavu, na mwisho akasema anataka kuwaona wawili ofisini. Akawanyooshea kidole dawati la pili.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba, maboksi ya majalada mpaka dirishani, viti viwili vya wageni, kimoja kina mguu mbovu. Karani alikalia hicho kibovu. Alikuwa ameshaandaa la kusema. *Mimi? Mimi sikumwambia hivyo, Mheshimiwa. Labda alichanganya.* Maneno mafupi, ya mtu mzima, ya karani mwenye miaka kumi na moja. Nani angemwamini msichana msahaulifu wa funguo?

"Huu nimeusoma mara tatu," Mheshimiwa alisema, ukurasa mkononi. "Nimekaa kwenye kiti cha hakimu na cha jaji miaka thelathini na moja. Ningetoa kitu kikubwa huyu hakimu awe kweli. Nikapiga simu masjala. Rejista ya mwaka huo inaishia mia tatu sitini na mbili."

Kitinda hakushtuka. Alimgeukia Karani kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. "Wifi?"

Karani akafungua mdomo atoe lile la *mimi*. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameugeuza ukurasa, anauonyesha chini kabisa, palipoandikwa kwa herufi ndogo za kubanana: *Kisa hiki nimesimuliwa na wifi yangu, karani wa mahakama, aliyekuwepo.* Akafungua faili. Akatoa ukurasa wa viatu, wa ripoti ya shule, na kurasa nyingine zote, akazipanga mezani mmoja mmoja. Chini ya kila mmoja palikuwa na mstari uleule. *Nimesimuliwa na wifi yangu.*

"Hii mistari huwa siisomi darasani, kwa sababu ya kanuni ya majina," Mheshimiwa alisema. "Nilidhani unajua."

"Si nilikuwa nakuletea usome, wifi," Kitinda alisema. "Ukawa na kazi."

Karani aliitazama mistari ile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wahenga, ila hawakusema kwamba akiwa chini humo atakuta mtu alikuwa amemtegea ngazi tangu mwanzo.

Mheshimiwa alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye droo. Ilikuwa ya kamati, yenye mihuri, na nafasi ya mwanafunzi ilikuwa imejazwa kwa kalamu ya risasi. Jina lililokuwepo lilikuwa la Karani.

"Kamati yangu imejaa watu wanaojua vifungu," alisema. "Nilikuwa namtafuta mtu aliyekaa chini ya kile kiti akaviona viatu. Kuandika tungekufundisha. Kuona hakufundishwi." Akavua miwani ya machoni. "Niambie tu umekosea namba. Nitatafuta mwaka mwingine."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Alichotakiwa kusema ni *ndiyo, nimekosea*, kisha masjala wangetafuta jalada wiki mbili, tatu, nafasi ingekuwa tayari yake, na majalada hupotea kila siku. Lakini mtu aliyeishi na rejista hawezi kuusema uongo huo kwa urahisi. Alijua kwamba karani hakosei namba. Na alijua kwamba mama huyu anajua.

"Hakuna jalada, Mheshimiwa," alisema. "Nilitunga."

Kitinda aliangua kicheko. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyepumua. "Wifi jamani! Kumbe hadithi! Na mimi nikalia! Mheshimiwa, kosa ni langu, sikumuuliza kama ni ya kweli au ya jikoni."

"Na namba ulipewa na nani?"

"Na wifi. Alinipa na kalamu." Kitinda alisema hivyo akiwa bado anacheka, wala hakusikia alichosema.

Mheshimiwa alisikia. Alimtazama Karani bila hasira, kama hakimu anavyomtazama mtu aliyekiri. Kisha akachukua kifutio, akalifuta jina taratibu, akapuliza vumbi lake kwenye meza.

"Wewe ulimtaja shahidi wako kila mara," akamwambia Kitinda. "Aliyeanguka ni shahidi. Nafasi utaichukua wewe."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kitinda alikuwa anabembeleza. Ataenda kumwona Mheshimiwa kesho. Ataikataa nafasi. Ni utani tu wa jikoni, wifi, watu wanaadhibiwa kwa utani? Karani alitembea mbele, na wivu, ambao ungetegemewa uwe umekufa kwa aibu, ulikuwa mzima kabisa unatembea naye. Alimwonea wivu sasa hata kwa wema wake. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Mkasa wa wiki ya mwisho ulikuwa wa fundi cherehani. Mwanamke huyo alimpa fundi mwenzake, waliyeshiriki meza moja, vipimo vya uongo vya gauni la bibi harusi. Gauni likaharibika, mwenzake akafukuzwa. Ametiwa hatiani. Mpe adhabu. Kama Mheshimiwa aliutunga kwa makusudi au ulikuwa kwenye mafaili yake tangu zamani, hakuna aliyeuliza.

Karani aliweka karatasi mezani Jumanne alasiri. Vidole vikaanza vyenyewe: *Mahakama imezingatia kwamba mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza.* Alisimama hapo. Akiandika hivyo atapata sita na *Nani?* yake, Kitinda ataendelea kukoroga sukari yake, na maisha yataenda. Nafasi imeshaondoka, hakuna cha kuokoa. Nyumba ilikuwa kimya, upande wa pili wa ukuta Kitinda anaimba kwa makosa wimbo wa redio. Akaichana karatasi. Akachukua nyingine, akaiweka mashine kando, akaandika kwa mkono.

Alhamisi darasa lilijaa, hata Kaka Tai aliwahi. Mheshimiwa alishusha miwani ya kichwani, akasoma.

"*Mshtakiwa hakuwa mgeni kwa mwenzake. Walikuwa wakila sahani moja. Alimwonea wivu kwa sababu mwenzake alikuwa akishona kwa uzi wa mshtakiwa, uzi ambao mshtakiwa alikuwa ameutupa sakafuni akidhani ni takataka. Hakujua kwamba kila nguo aliyoshona, mwenzake alikuwa akiandika jina la mwenye uzi kwenye pindo la ndani. Hakujua kwa sababu hakuwahi kukubali kuishika. Siku alipompa vipimo vya uongo hakumpa kwa hasira. Alimpa kalamu aviandike. Alimkorogea chai, akatia sukari kijiko cha tatu, akasubiri na kikombe mkononi mpaka tarakimu ya mwisho. Mwenzake akamwambia, leo umenipenda. Mahakama inataka sentensi hiyo iingie kwenye kumbukumbu.*

"*Mahakama haitoi adhabu hii iwe fundisho kwa wengine. Wengine hawamo humu. Mshtakiwa atarudi kwenye meza ileile, mbele ya mtu yuleyule, miezi sita, na kila kipimo atakachotoa atakitaja kwa sauti.*"

Mheshimiwa alikunja karatasi. Halafu, kama ilivyokuwa desturi, vichwa vikaanza kugeuka kutafuta kilichoinama.

Karani alikuwa ameketi wima, macho mbele. Hakuweza kuinama hata kama angetaka. Shingo ilikuwa kama imepigiliwa msumari.

Aliyeinama alikuwa Kitinda. Ameinama mpaka paji la uso limekaribia dawati, na mikono yote miwili ameifumbata mapajani.

Kaka Tai, aliyekaa nyuma yao, alimpiga begani taratibu. "Umetuua, Kitinda. Mwanzo hadi mwisho wa muhula, ni wewe tu." Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wote wakimtazama msichana yule. Na Karani, Mungu amsamehe, hata hapo, hata kwa ukurasa ule, alihisi wivu ule wa zamani ukiamka: wangu, huo ni wangu.

Kitinda akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Hakumgeukia aliyekaa kando yake. Alisubiri makofi yaishe, na aliposema, alisema na Kaka Tai.

"Si wangu," alisema. "Ni wa Karani."

Kisha akakusanya daftari lake na ile kalamu iliyotafunwa, akatafuta kiti kitupu safu ya nyuma, akaenda kukaa huko.